Bei nafuu ya katamarani za kukodisha ina sababu yake

WANUNUZI wa katamarani, yaani boti za matanga zenye miili miwili iliyounganishwa kwa sitaha moja, huvutiwa na zile zilizokuwa zikikodishwa kwa watalii katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, kwa kuwa bei yake huwa chini ya ile ya boti zilizotumiwa na familia moja.

Unafuu huo una chanzo. Kampuni kama The Moorings, iliyoanza shughuli zake visiwani humo mwaka 1969, hukodisha boti zinazomilikiwa na watu binafsi kwa mkataba wa takriban miaka mitano. Mkataba ukimalizika, boti huingia sokoni. Nyingi ziliundwa Cape Town, Afrika Kusini.

Rangi inayong'aa isimdanganye mtu. Umri wa kweli wa boti hizo umo katika saa za injini, ambazo huwashwa hata boti ikiwa imetia nanga ili kuchaji betri, na mara nyingi hufikia maelfu. Mkaguzi wa vyombo vya majini, anayelipwa na mnunuzi wala si muuzaji, hupaswa kupima unyevu ndani ya sitaha na kukagua kuta zinazobeba uzito wa mlingoti, pamoja na nyaya zinazoushikilia. Kwa boti iliyokuwapo Tortola Septemba 2017, Kimbunga Irma kilipopiga, ni lazima kudai kumbukumbu zote za matengenezo.

Kasoro zikibainika, mnunuzi anaweza kutaka zirekebishwe au bei ipunguzwe. Akishasaini hati ya kuipokea boti, kwa kawaida gharama ni zake.