Panya shambani: wako wangapi, na ni wa rika gani?

Vijana wenzangu wa kilimo biashara, kila msimu napigiwa simu: "Afisa, nimeweka sumu, mbona mahindi bado yanafukuliwa?" Jibu langu ni swali: uliwahesabu?

Kuona mashimo 30 si kuona panya 30. Watafiti, wakiwemo wa SUA kule Morogoro, hutumia njia ya kunasa, kutia alama na kunasa tena.

Mitego ni visanduku visivyoua, vinapangwa kwa mistari. Chambo ni karanga za kusaga zilizochanganywa na pumba. Tuseme umenasa 40. Watie alama, kisha waachie palepale (najua inauma!). Baada ya siku chache unatega tena, unapata 50, kati yao 20 wana alama. Yaani katika kila panya watano, wawili wana alama. Basi wale 40 wa kwanza ni wawili kwa kila watano wa shamba zima: 40 × 50 ÷ 20 = 100.

Hesabu hii ina masharti. Alama isifutike, panya wasihame, na kila mmoja awe na nafasi sawa ya kunaswa. Hilo la mwisho ndilo linasumbua, maana panya aliyenaswa mara moja anaweza kuuogopa mtego. Hapo wenye alama wataonekana wachache na jumla itazidi ukweli. Ndiyo maana watafiti hutega usiku kadhaa mfululizo.

Wakishika panya, pia wanampima uzito, wanaangalia dume au jike, na kama ana mimba. Panya 100 wengi wao madume si sawa na 100 wenye majike ya mimba; panya shamba huweza kuzaa watoto 10 na zaidi kwa mzao mmoja, na uzazi hufuata mvua. Ukikuta wengi ni wadogo wepesi, ujue wamezaliwa karibuni na umechelewa kidogo.

Sasa ile simu. Ukishaweka sumu, tega tena. Ukinasa wenye alama, sumu haikuwafikia. Ukinasa wengi wasio na alama, kuna uwezekano mkubwa wamehamia kutoka kwa jirani, na hapo kuongeza sumu peke yako ni kuchoma hela. Kubalianeni majirani mdhibiti wiki moja, kabla ya kupanda. Na vaeni glavu, panya hubeba magonjwa.