Mapatano ya Wenye Mali

Tumezoeshwa kuambiwa kwamba siasa za Marekani ni vita isiyo na suluhu baina ya kambi mbili, na kwamba kila kambi ina tajiri wake: George Soros upande wa kushoto, na Charles Koch wa Wichita, Kansas, upande wa kulia. Kila mmoja wao, katika mikutano ya wapinzani wake, hutajwa kama shetani. Kwa hiyo wengi walistaajabu mwaka 2019, taasisi iitwayo Quincy ilipoanzishwa mjini Washington ili kupinga vita visivyokwisha vya nchi hiyo ng'ambo, ikajulikana kwamba mashirika ya watu hao wawili yametoa kila moja dola nusu milioni kuianzisha.

Sisi hatukustaajabu. Jambo la namna hiyo lilikwisha tokea, tena katika shauri linalomgusa maskini karibu zaidi, nalo ni shauri la magereza.

Mwezi wa Februari 2015 uliundwa muungano uliojiita Coalition for Public Safety. Fedha zake, zaidi ya dola milioni 5, zilitoka kwa kampuni ya Koch Industries pamoja na mifuko ya Ford, MacArthur na Arnold. Kwenye meza moja waliketi Center for American Progress, ambao ni wasomi wa upande wa Democratic, na Americans for Tax Reform, ambao kazi yao ni kuzuia kodi isipande. Huko tembo ni alama ya Republican na punda ni alama ya Democratic. Kuwaona wamefungwa kwenye mkokoteni mmoja si jambo la kila siku.

Mkokoteni ulifika. Hatusemi kuwa fedha hizo peke yake ndizo zilizousukuma, maana wako waliopigania jambo hilo miaka mingi bila senti. Lakini tarehe 21 Desemba 2018 Rais Trump alitia sahihi Sheria ya Hatua ya Kwanza, baada ya Baraza la Seneti kuipitisha kwa kura 87 dhidi ya 12.

Mema yake yasemwe. Kwa sheria ya mwaka 1986, aliyeshtakiwa kuuza gramu 5 za kokeni ya mawe, aghalabu mtu mweusi, alifungwa miaka 5 isiyopungua, sawasawa na muuzaji wa gramu 500 za kokeni ya unga. Tofauti hiyo ilipunguzwa mwaka 2010, lakini waliokwisha fungwa waliachwa humo humo. Sheria mpya ikawapa nafasi ya kuomba vifungo vyao vipunguzwe. Siku za kupunguziwa kifungo kwa tabia njema zikapanda kutoka 47 hadi 54 kwa mwaka, na mwezi wa Julai 2019 watu zaidi ya 3,100 wakafunguliwa kwa ajili hiyo. Mama aliyerudishiwa mwanawe hana haja ya kuuliza fedha zilitoka mfuko gani, na hatumlaumu.

Sisi wengine yatupasa kuuliza. Mwaka 2000 Koch Industries, kampuni yake tanzu na wafanyakazi wanne walifunguliwa mashtaka 97 kwa ajili ya benzini, kemikali ya sumu, katika kiwanda cha kusafishia mafuta huko Corpus Christi, Texas. Mwaka uliofuata kampuni ile tanzu ilikiri kosa moja, la kuficha habari, ikatoa jumla ya dola milioni 20. Wakuu wa Koch wenyewe walieleza baadaye kuwa kesi hiyo ndiyo iliyowaamsha kutazama sheria za jinai. Haikuwa ajabu, basi, mwaka 2015, pamoja na huruma kwa wafungwa, kusikia pia dai kwamba mshtaki alazimishwe kuthibitisha nia ya mshtakiwa katika makosa mengi ambayo sheria haikutaja nia. Wizara ya Sheria ya Rais Obama ililikataa dai hilo, ikiona kuwa wakubwa wa makampuni wangepata mlango wa kutokea. Haki itendeke: sheria ya 2018 ilipita bila kifungu hicho, na Koch aliiunga mkono.

Lakini mwaka huo huo, mwezi wa Juni, Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mtumishi wa umma asiye mwanachama halazimiki kulipa chochote kwa chama cha wafanyakazi kinachomwombea mshahara bora. Taasisi ya Cato, ambayo Charles Koch ni mmoja wa waasisi wake, ilipeleka hoja mahakamani kumsaidia mlalamikaji. Center for American Progress walipinga. Wale waliopatana juu ya gereza hawakupatana juu ya chama cha wafanyakazi, kwa sababu mwenye kiwanda hulipa kidogo mlango wa gereza unapofunguliwa, lakini hulipa kila mwezi wafanyakazi wake wanapoungana.

Juu ya kima cha chini cha mshahara wamegawanyika vivyo hivyo, wala hapakuundwa muungano wa mamilioni kukipandisha. Mfungwa aliyerudi kwao Texas Julai ile ya 2019 na kwenda kutafuta kazi alikuta kima cha dola 7.25 kwa saa, kilichowekwa Julai 2009.