Je, Wajua? Mwezi Mtukufu Uingiapo Mogitu

Je, wajua kwamba Ramadhani haimo katika ile miezi minne mitakatifu? Kurani, Sura At-Tawba aya ya 36, inataja kuwa miezi ni kumi na miwili na minne kati yake ni mitakatifu. Hadithi za Mtume (s.a.w.) ndizo zilizoitaja kwa majina: Dhulqaada, Dhulhija, Muharram na Rajabu. Hiyo ni miezi ya kuweka silaha chini.

Hata hivyo, Ramadhani ndiyo mwezi pekee uliotajwa kwa jina lake ndani ya Kurani. Soma Al-Baqara, aya ya 185. Sababu imewekwa papo hapo: ndani yake iliteremshwa Kurani. Utukufu ulianza na Kitabu. Saumu ikafaradhishwa baadaye, mwaka wa 2 Hijria. Napenda tulikumbuke hilo, maana tunaulizana sana kuhusu futari na kidogo mno kuhusu juzuu tulizosoma.

Je, wajua kuwa Waswahili wa pwani walihesabu mwaka mzima kwa kuanzia mwisho wa Ramadhani? Shawwal kwao ni Mfunguo Mosi, na hesabu inakwenda hadi Mfunguo Tisa, kisha ndipo Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Hija iko Mfunguo Tatu, Maulidi Mfunguo Sita.

Sasa tupande bara. Mogitu ni kata ya wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, inakoanzia barabara ya kwenda Haydom. Hapa Waislamu wanaishi na majirani Wairaqw na Wadatoga, wengi wao Wakristo au wafuasi wa dini za jadi. Kondoa, kwa Warangi ambao wengi ni Waislamu, si mbali. Wakazi wa Mogitu ni wakulima na wafugaji, na kwao ndiko siri moja ya mwezi huu inakoonekana waziwazi.

Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na katika miaka 33 hivi huwa imeizunguka misimu yote. Mwaka 2015 iliingia Juni, mvua zimekwisha, baridi ya Mlima Hanang inapenya hadi kwenye mifupa, na mtu anaamka kula daku amejifunika blanketi. Mwaka 2025 iliingia mwanzoni mwa Machi, mahindi bado mabichi na mvua zinanyesha. Kuanzia 2031 itaangukia Desemba, kisha Novemba, watu wakiwa na mbegu mkononi. Aliyeanza kufunga akiwa na miaka 15, akifikisha 48 atakuwa amefunga akipanda, akipalilia, akivuna na akisubiri mvua. Kama mwezi huu ungefungwa kwenye majira ya jua, wengine wangefunga siku zote wakati wa shibe na wengine wakati wa ghala tupu. Mwenyezi Mungu hakutaka hivyo.

Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili: mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba.

Ramadhani ya Machi 2024 ilizikuta familia za Hanang katika majonzi. Miezi mitatu tu nyuma, tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope yalikuwa yameua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani. Mwezi wa kuwaombea marehemu ukaingia makaburi yakiwa bado mabichi.

Urefu wa saumu? Karibu na ikweta kama Mogitu, mchana haubadiliki kwa zaidi ya nusu saa hivi mwaka mzima; mtu hufunga kama saa 13 na ushei. Mtanzania aliyeko London, Juni ile ya 2015, alifunga zaidi ya saa 18.

Lailatul Qadri, usiku mmoja tu wa Ramadhani, ni bora kuliko miezi 1,000, yaani miaka 83 na miezi 4. Itafutwe katika kumi la mwisho.

Na je, wajua kuwa zakatul fitri ya Mogitu inaweza kuwa mahindi? Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, fitri hutolewa kwa chakula kikuu cha mji: pishi moja kwa kila kichwa, kama kilo mbili na nusu. Pwani ni mchele. Penye ugali ni mahindi, tena punje zenyewe, si unga. Itolewe kabla ya swala ya Idi. Mtoto aliyezaliwa alasiri ya siku ya mwisho ya Ramadhani naye anatolewa pishi yake. Aliyezaliwa baada ya jua kuzama hadaiwi.