Amani: Msitu Uliopitiwa na Mikono Mingi

Msitu wa Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, husifiwa kwa wageni kuwa ni msitu usioguswa na mkono wa mtu. Sifa hiyo inavutia masikioni, lakini si kweli, na nina hakika inauharibia msitu wenyewe. Lango la hifadhi lililopo Zigi linatosha kuipinga. Mtu akitoka Muheza, akayapita mashamba ya michungwa na kuanza kupanda, kituo cha kupokelea wageni anachokikuta ni nyumba aliyokuwa akiishi mkuu wa stesheni ya reli ya Wajerumani. Reli hiyo nyembamba ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ikaunganishwa na njia kuu ya Tanga pale Tengeni, na shehena yake kubwa ilikuwa magogo. Kwa hiyo mgeni anaanza matembezi yake mahali pale pale msitu ulipokuwa ukishushwa vipande vipande kwenda bandarini. Ninachotaka kutetea hapa ni kwamba Amani itembelewe kwa macho hayo, kama msitu wa kale ambao watu wameukata, wameupanda, wameuchunguza, wameula na hatimaye wakaulinda. Asiyeijua historia hiyo ataiona miti, lakini hataelewa kwa nini mti huu umesimama hapa na ule haupo.

Hata hivyo, ukale wake ni wa kweli, na ndio uanze kuelezwa. Usambara ni sehemu ya safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, upande wa kusini wa Tanzania. Pepo za Bahari ya Hindi hupanda miteremko hiyo zikiwa zimebeba unyevu, zikapoa, zikaumwaga. Amani penyewe, kwenye kimo cha kama meta 900 na umbali mfupi tu kutoka pwani, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Afrika ilipopitia vipindi virefu vya ukame na misitu ya bara ikasinyaa, bahari iliendelea kuinywesha milima hii. Viumbe waliobaki juu wakatengwa na ndugu zao kwa mamilioni ya miaka na kushika njia zao wenyewe. Ndiyo maana hapa yupo chura mdogo asiyetaga mayai majini bali huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili, na yupo bundi mkubwa wa Usambara, na yapo yale maua madogo ya zambarau yaotayo kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyakuta maua hayo na kuyapeleka kwao. Leo yamo kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, na wengi wanaoyamwagilia hawajui kwamba asili yake ni Tanga.

Wajerumani hao hao walidanganywa na msitu. Walipoona kijani kilichoshonana vile, walidhani udongo wake una rutuba ya ajabu, wakafyeka maeneo mapana mwishoni mwa karne ya 19 na kupanda kahawa. Kahawa ikawaangusha. Udongo mwekundu wa Usambara Mashariki ni wa tindikali na wenye virutubisho haba. Utajiri wa msitu umo ndani ya majani, magome na mizizi, na huzunguka humo humo, jani likianguka linaoza na kunyonywa tena na mti. Ukiuondoa msitu umeondoa na mbolea. Sehemu ya ardhi hiyo baadaye ikawa mashamba ya chai, ambayo mpaka sasa yamepakana na hifadhi kama mkeka uliotandikwa mlangoni.

Mwaka 1902 ilianzishwa Amani taasisi ya biolojia na kilimo, pamoja na bustani ya mimea iliyokusanya miti kutoka Asia, Amerika na pande nyingine za Afrika: mikwinini, mikarafuu, mipira, mianzi na mamia ya mingine. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza zilipofunga bahari, Amani ndiyo iliyowatengenezea askari wa Kijerumani kwinini. Waingereza walipoichukua nchi wakaifanya kituo cha utafiti wa kilimo kwa Afrika Mashariki nzima, na hapo ikafanyika kazi ambayo naamini kila mgeni azungumzaye Kiswahili angepaswa kusimuliwa kabla ya kuonyeshwa kinyonga wa kwanza. Katika miaka ya 1930 muhogo ulikuwa ukiangamia kwa batobato na kwa ugonjwa mwingine ambao H. H. Storey, mtafiti wa Amani, aliuelezea kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936. Wakulima wetu leo wanauita michirizi ya kahawia. Watafiti wa Amani waliuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini, hasa ule mpira ambao majani yake watu wa Tanga hupika kuwa kisamvu cha mpira. Vizazi vilivyopatikana vikastahimili maradhi. Mbegu zilizotokana na kazi hiyo zilifika Nigeria, na miaka ya 1970 watafiti wa Ibadan wakazifanya msingi wa aina bora za muhogo zilizosambaa Afrika. Sehemu ya ugali wa muhogo na kisamvu kinacholiwa barani leo ina deni kwa kilima hiki.

Bustani hiyo hiyo ilileta pia balaa, na hapa ndipo hadithi ya msitu usioguswa inapovunjika kabisa. Miongoni mwa miti iliyojaribiwa ni msizi, mti wa asili ya Afrika ya kati na magharibi unaojulikana sana Uganda, unaokua haraka na kutoa mbao nyepesi. Kwa miongo kadhaa ulikaa bila kumsumbua mtu. Kisha katika miaka ya 1970 na 1980 msitu ukavunwa kwa mashine kubwa, kazi iliyosaidiwa na fedha za Ufini. Matrekta yakafungua mapengo, jua likafika chini, na msizi, unaopenda mwanga, ukapata nafasi uliyokuwa ukiingojea. Hondohondo wakala matunda yake na kudondosha mbegu mbali na mti mama. Leo msizi umejaa katika sehemu nyingi za Amani, na chini yake miti ya asili huota kwa shida. Mgeni akiinua macho kwenye kichaka cha misizi mirefu, iliyonyooka, akavutiwa nayo na kuipiga picha akidhani ameona msitu wa kale, amepiga picha ya jeraha. Sisemi hivyo kumwonea, hakuna aliyemwambia. Kwa haki, Ufini iliyosaidia uvunaji ndiyo pia iliyogharimia, tangu miaka ya 1990, kazi ya kuuhifadhi msitu, na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ikatangazwa mwaka 1997 ikiwa na eneo la takriban hekta 8,380. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake Tanzania.

Kuna wahifadhi watakaonijibu kwamba maneno haya ni ya hatari: ukimwambia mtu msitu umekwisha kuguswa, unampa sababu ya kuugusa tena. Pingamizi hilo lina uzito, kwa sababu wapo wanaosubiri sababu. Dhahabu ilipogunduliwa ndani ya msitu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachimbaji walimiminika na mito ikachafuka. Lakini angalia ushahidi wenyewe unasemaje. Historia ya Amani haisemi kwamba kugusa hakudhuru. Inaonyesha bei ya kila aina ya mguso. Kahawa iliacha udongo mtupu. Matrekta yalileta msizi. Iliki, iliyolimwa chini ya miti mikubwa kwa kufyeka miche yote ya chini, ilionekana haina madhara kwa kuwa kivuli kilibaki, kumbe msitu ulikuwa unanyimwa watoto wa kurithi nafasi ya wazee wao. Mtu aliyeelezwa hayo ana sababu nzuri zaidi ya kukataa msumeno kuliko aliyeambiwa tu kwamba msitu ni mtakatifu. Tena, anayeamini msitu haujaguswa ataamini pia kwamba dawa yake ni kufunga lango na kuondoka. Msizi hauondoki kwa kufungiwa lango. Unahitaji watu wanaojua ni upi wa kuondoa, lini, na nini kipandwe badala yake ili pengo lisijazwe na msizi mwingine.

Hadithi ya msitu usioguswa ina dhambi nyingine, nayo ni kumgeuza mwanakijiji kuwa mvamizi. Watu wameishi katika milima hii tangu zamani sana. Wanaakiolojia wamekuta Usambara mabaki ya makazi ya wafua chuma wa kale. Wasambaa na Wabondei walikuwa na majina na matumizi ya miti hii kabla haijapewa jina la Kilatini. Suala la Derema linaonyesha gharama ya kumwona mwanakijiji kuwa mvamizi. Derema ni ukanda wa msitu unaounganisha Amani na misitu ya kaskazini yake, na bila huo viumbe wangebaki kisiwani. Zaidi ya wakulima elfu moja walikuwa na iliki na mazao mengine humo. Iliamuliwa waondoke na walipwe fidia, jambo lililochukua miaka na kuacha manung'uniko ambayo hayajaisha. Mimi naamini ukanda ule ulistahili kulindwa. Naamini vilevile kwamba mkulima mwenye miche michache ya iliki alibebeshwa lawama iliyokuwa ya mashamba makubwa na viwanda vya mbao, kwa sababu tu yeye ndiye aliyekuwa bado yupo msituni wakati hesabu ilipopigwa.

Pingamizi la pili ni la watu wa utalii: mgeni analipa ili aone pori, hakuja kusomeshwa. Tanzania ina Serengeti, wanasema, na Amani haina simba wala tembo wa kumwonyesha. Ni kweli, na ndiyo sababu Amani haiwezi kushindana kwa wanyama. Anayefika akitarajia kundi la nyumbu atakaa siku nzima akitazama majani. Msitu wa mvua huficha vitu vyake: ndege husikika kuliko wanavyoonekana, vinyonga hupatikana kwa urahisi zaidi usiku kwa tochi, wakiwa wamelala wamepauka juu ya matawi, na ua dogo la mwambani hupitwa na mtu mwenye haraka. Kinachomfanya mgeni apunguze mwendo ni kuwa na cha kuelewa. Kwa hiyo afadhali achukue mwongozaji wa kijijini anayeujua mti wa msambu na mbegu zake zenye mafuta, avae viatu visivyoteleza, akwepe kilele cha masika kati ya Machi na Mei kama gari lake si la milimani, na alale angalau usiku mmoja. Safari ya kutoka Tanga na kurudi siku hiyo hiyo ni kupoteza kiingilio.

Wengine watasema kwamba kuisimulia Amani hivi ni kuwasifu wakoloni. Ingekuwa hivyo kama tungesimulia majina yao peke yake. Ndege adimu wa Amani wana majina ya Wazungu waliofanya kazi katika kituo, kama Vosseler na Moreau, lakini vijia vilichongwa, miti ikapandwa, vielelezo vikabebwa na mashamba ya majaribio yakapaliliwa na vibarua wa Kiafrika ambao mgeni haambiwi habari zao. Kilimani yamebaki majengo ya maabara yaliyorithiwa na watafiti wa malaria, na familia za watu waliotumika humo zingali zinaishi karibu. Simulizi zao zirekodiwe na kuwekwa Zigi, kwa Kiswahili, kwenye ile nyumba ya stesheni, mahali pa picha za vipepeo zinazofanana na za kila hifadhi.

Vipepeo wenyewe wanastahili neno. Tangu mapema miaka ya 2000 wanavijiji wanaozunguka Amani walifuga viwavi kwa majani ya mimea ya msituni, wakauza pupa kwa maonyesho ya nje ya nchi. Kaya zilizoishi kwa kazi hiyo zilikuwa na haja ya msitu uliosimama. Mwaka 2016 Serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai, kwa nia ya kukomesha magendo ya wanyama wengine kabisa, wafugaji wa vipepeo wakajikuta ndani ya marufuku hiyo hiyo. Mgeni wa ndani hawezi kuziba pengo lote hilo, ila anaweza kuja, na sababu anayo. Mto Zigi unaoanzia milima hii ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na bwawa hilo ndilo linalonywesha jiji la Tanga. Shule za Tanga, Muheza na Korogwe zina sababu ya kuwapandisha wanafunzi wao Amani kabla ya kuwapeleka kokote kwingine, wakaonyeshwa chanzo cha maji wanayokunywa na watu wanaokaa karibu nacho.