Kwa nini tableti ya TouchPad ilikosa watu

Julai 2011 kampuni ya HP ilianza kuuza Marekani tableti yake TouchPad, yenye mfumo wa webOS. Bei ilianzia dola 499, sawa na iPad, iliyotangulia sokoni kwa zaidi ya mwaka na yenye programu nyingi mno. Mnunuzi aliuliza: programu ziko wapi? Mtunga programu naye: wanunuzi wako wapi? Kila mmoja akamngoja mwenzake. Tarehe 18 Agosti HP ikatangaza kuiacha. Bei iliposhuka hadi dola 99 watu waliigombania, lakini nani angetungia programu chombo kilichokwisha kuachwa?

Sisi wa isimu twaijua hali hii: lugha isiyo na vitabu hukosa wasomaji, na isiyo na wasomaji hukosa waandishi. Anayeanza huandika kabla ya kusomwa, tena kwa miaka. HP ilingoja wiki saba tu.