Nilipokatwa Tumbo, Njaa Ilikwenda Wapi?

Watu wakijua kwamba nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, swali lao la kwanza huwa ni la kipimo. "Sasa unakula kiasi gani?" Mwingine hunionyesha kiganja, mwingine kikombe cha kahawa. Nawajibu, maana si siri: miezi ya mwanzo kisosi kimoja kilinitosha, na mpaka leo sahani ya pilau ya harusini naiacha nusu. Ila hakuna anayeniuliza kuhusu njaa, na hapo ndipo penye habari yenyewe.

Wengi hudhani kwamba daktari hupunguza chombo, chakula kinachoingia kinakuwa kidogo, basi mtu anakonda. Ni kweli, lakini ni nusu tu. Tumbo dogo halimzuii mtu kunywa soda, juisi ya miwa na chai ya maziwa yenye sukari kutwa nzima; vyote hivyo hupita bila kugonga hodi. Kama kazi yote ingekuwa ya udogo wa chombo, wengi wetu tungeshanenepa tena kabla mwaka haujaisha.

Mimi ni mtaalamu wa lishe. Kabla ya upasuaji nilikuwa nawapangia milo wagonjwa wa sukari na presha, nikijua kwa gramu kilichomo kwenye ugali, muhogo na chapati, huku mizani ya chumba changu ikinisoma zaidi ya kilo 120. Wagonjwa walikuwa na adabu, walitazama pembeni. Nilishawahi kukonda kwa kujinyima, tena zaidi ya mara moja, na kila mara kilo zilirudi na wenzao. Ndiyo maana sina uvumilivu na mtu anayesema unene ni uvivu tu.

Mwili wa mtu aliyepungua hauoni kwamba umeshinda jambo. Huona dhiki imeingia, nao hujihami. Kwanza hubana matumizi. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti juu ya washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito, The Biggest Loser. Miaka sita baada ya shindano, wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, na bado miili yao ilikuwa ikiunguza takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Pili, mwili huongeza njaa. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, waligundua homoni iitwayo ghrelini, ambayo hutengenezwa zaidi kwenye mfuko wa chakula, hupanda kabla ya mlo na kumwambia mtu atafute kitu cha kula. Miaka mitatu baadaye David Cummings wa Seattle na wenzake walipima damu za watu waliokonda kwa kujinyima, wakakuta ghrelini yao imepanda. Walipowapima waliokonda kwa upasuaji, ilikuwa chini kabisa, ingawa hawa ndio waliokuwa wamepoteza kilo nyingi zaidi.

Ghrelini nyingi hutoka sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, ile iliyotuna upande wa kushoto chini ya mbavu. Hiyo ndiyo sehemu niliyokatwa.

Upasuaji wenyewe ulianza kwa kuchunguza jambo jingine. Edward Mason, daktari wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliona kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula walikuwa wakikonda na kubaki hivyo. Katika miaka ya 1960 akaanza kuwafanyia watu wanene upasuaji wa kuunganisha kipande kidogo cha juu cha mfuko moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kiruke kilichobaki. Aina niliyofanyiwa mimi, ya kukata mfuko kwa urefu wake, ilikuja baadaye kama hatua ya kwanza tu ya upasuaji mkubwa zaidi, kwa wagonjwa ambao hali yao haikuruhusu kufanyiwa yote kwa siku moja. Baadhi yao walipungua kiasi cha kutohitaji tena hatua ya pili. Leo ndiyo inayofanywa zaidi duniani.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe nilipewa mlo wenye wanga na mafuta kidogo sana. Lengo lilikuwa ini. Kwa watu wengi wanene ini limejaa mafuta, limevimba na kuufunika mfuko wa chakula. Likisinyaa kidogo, daktari hupata njia. Ukishalala kwa nusu kaputi, tumbo hujazwa gesi ya kabonidioksaidi ili kuta ziinuke, kisha vifaa na kamera huingizwa kupitia matundu madogo manne au matano. Mrija hupitishwa mdomoni hadi kwenye mfuko wa chakula uwe kipimo, halafu chombo kinachobana pini na kukata kwa pamoja hufuata ukingo wa mrija ule. Kinachobaki kina umbo la ndizi, karibu robo ya mfuko wa awali. Kilichokatwa hutolewa kupitia tundu mojawapo, na hakirudishwi tena.

Nilipozinduka, kilichoniuma zaidi ni bega. Gesi iliyobaki huchokoza msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na mshipa wa fahamu wa msuli huo unatoka shingoni, pamoja na ile ya bega. Dawa yake ni kutembea. Muuguzi aliniamsha usiku uleule nizunguke wodi nikiwa na dripu mkononi, na sababu yake nyingine ilikuwa kubwa kuliko bega: damu isigande miguuni.

Siku za mwanzo sikutarajia njaa, kwa maumivu na dripu. Kilichonishangaza kilikuja baadaye, nikiwa nyumbani. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa jirani inaingia dirishani, naitambua kuwa ni nzuri, lakini hainivuti. Nilikula kwa kutazama saa ya ukutani. Kwa mtu aliyeishi maisha yake yote akibishana na sufuria, ukimya ule ni mgeni, na nakiri uliniogopesha kabla haujanifurahisha. Wengi hurudiwa na njaa kiasi baada ya mwaka hivi, ila kwa kawaida hairudi na ukali wake wa zamani. Ghrelini si sababu pekee. Chakula kinapopita haraka hadi kwenye utumbo mwembamba, chembe za huko humwaga homoni nyingine, mojawapo GLP-1, inayoleta shibe na kuisukuma kongosho itoe insulini. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wa sukari, hasa waliorukishwa sehemu ya utumbo kwa upasuaji wa aina ya Mason, hupunguziwa dawa ndani ya siku chache, kabla kilo hazijapungua za kutajika.

Kula hujifunzwa upya: wiki mbili za vimiminika kama supu iliyochujwa na maziwa, kisha vilivyopondwa, kisha laini, na chakula cha kawaida kuanzia wiki ya sita au ya nane. Protini hutangulia kwenye kila mlo, angalau gramu 60 kwa siku, na hapa sisi wa Pwani hatuna udhuru: samaki, mayai, maziwa mgando, maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa. Ugali husubiri mwisho, nafasi ikibaki. Kilichonisumbua mimi ni maji. Hayanywewi pamoja na chakula, husubiri nusu saa, na lita moja na nusu kwa siku humalizwa kwa kufyonza kidogo kidogo. Ramadhani ya kwanza sikufunga, kwa ushauri wa daktari, kwa sababu kiasi hicho cha maji hakiingii kati ya futari na daku katika tumbo la aina hii. Aliyerukishwa utumbo aongeze tahadhari na kaimati: shira ikifika kwenye utumbo kwa ghafla, moyo huenda mbio, jasho hutoka na tumbo huvuruga.

Halafu kuna watu. Shangazi yangu aliponiona baada ya miezi michache alinishika mkono, akauzungusha, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, umepima?" Nani asiyejua alichouliza? Waliozika ndugu zao miaka ya UKIMWI kabla ya dawa kupatikana hawaoni kukonda kwa haraka wakafikiri afya. Nilimweleza, akaguna, kisha akaniletea sahani ya wali wa nazi ili nirudishe mwili. Nimewaona wagonjwa walioficha upasuaji wao wakila kupita kiasi mbele ya wageni ili wasisemwe, kisha wakitapika chooni. Ushauri wangu kwao ni wa kawaida sana: angalau mtu mmoja anayelala nyumba moja nawe ajue.

Ajue pia kwa sababu ya hatari. Katika hospitali zenye uzoefu, vifo vya upasuaji huu ni vichache, chini ya 3 katika kila wagonjwa 1,000, kiwango kinachokaribiana na cha upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo. Lakini pini zinaweza kuvuja siku za mwanzo, na dalili huwa mapigo ya moyo kwenda mbio, homa na maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Hilo ni la kurudi hospitali usiku huohuo. Kiungulia huweza kuongezeka kwa waliokatwa kama mimi. Kukonda haraka huleta vijiwe vya nyongo. Nywele hunyonyoka sana kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha kwa wengi huota tena.

Jambo ninaloomba lisomwe mara mbili ni la kutapika. Mtu akitapika kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji, akiba yake ya vitamini B1 huisha, maana mwili hauihifadhi kwa muda mrefu. Huanza kuyumba, kuona vitu viwili viwili, kuchanganyikiwa. Akifikishwa kwenye kituo cha afya hoi na mkavu, kitu cha kwanza kinachotundikwa mara nyingi ni dripu ya glukosi. Glukosi hutumia B1 kidogo iliyobaki, na ubongo unaweza kuharibika usipone. B1 hutolewa kwanza, kwa sindano, ndipo glukosi. Mhudumu asiyejua kwamba mgonjwa alikatwa tumbo hana njia ya kuwaza hilo, na mgonjwa aliyechanganyikiwa hawezi kumwambia.

Vitamini nyingine ni za maisha. Mfuko wa chakula hutoa protini inayosaidia kufyonza B12, na sehemu kubwa ya mfuko haipo tena. Chuma, kalsiamu na vitamini D navyo hupungua. Vidonge humezwa kila siku na damu hupimwa kila mwaka, hata kama mtu anajisikia mzima. Waliorukishwa utumbo waepuke diklofenaki na ibuprofeni, dawa ambazo kwetu watu huzinunua dukani kwa maumivu ya mgongo kama wanavyonunua pipi, kwa kuwa huleta vidonda pale mfuko ulipounganishwa na utumbo. Wanawake nao wajue kwamba kukonda hurudisha uwezo wa kushika mimba, wakati mwingine kwa waliokuwa wamekata tamaa, ilhali ushauri ni kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo havitegemewi sana baada ya kurukishwa utumbo. Afadhali kipandikizi au kitanzi.

Nani anafaa? Tangu 1991 kipimo kilichotumika kilikuwa uwiano wa uzito na urefu, yaani BMI, wa 40, au 35 ukiwa na ugonjwa kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu, cha Marekani na cha kimataifa, vilishusha: 35 hata bila ugonjwa, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari. Mtu wa sentimita 165 hufika 35 akiwa na kilo 95 hivi. Anayetaka kupunguza kitambi kabla ya send-off hafai, na daktari atakayemkubali nisingemwamini na jipu.

Wasio tayari kukatwa huulizia puto, ambalo hata katika hospitali ya Mloganzila pale Dar es Salaam huwekwa. Huingizwa kwa mpira kupitia mdomoni, hujazwa maji ya chumvi, na hutolewa baada ya miezi kadhaa kutegemea aina. Hujaza nafasi, ila ile sehemu ya ghrelini inabaki palepale, na likishatolewa mtu hubaki na njaa yake.

Sindano za semaglutaidi, zile zinazojulikana kwa jina la Ozempic, zimetokana na GLP-1 ileile niliyoitaja. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, waliozitumia kwa wiki 68 walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao. Walipoacha, mwaka mmoja baadaye theluthi mbili ya kilo walizopoteza zilikuwa zimerudi. Anayeanza sindano basi aulize atazinunua kwa miaka mingapi, na anayekwenda kukatwa aulize damu yake itapimwa wapi, na kwa fedha ya nani, mwaka wa kumi.