Mvua ya Mlimani, Maji ya Barabarani

Kaunti ya Taita-Taveta, kusini-mashariki mwa Kenya, ni nyika kavu yenye milima michache iliyosimama peke yake. Ukubwa wake ni takribani kilomita za mraba 17,000, na zaidi ya nusu ya ardhi hiyo imo ndani ya mbuga za kitaifa za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Sensa ya 2019 ilihesabu katika kaunti hiyo watu 340,671. Kilele cha Vuria, katika Milima ya Taita, kina urefu wa mita 2,208 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Voi, ulio kilomita 30 hivi mashariki yake, uko kwenye mita 600 tu. Tofauti hiyo ya mwinuko katika umbali mfupi inaeleza sehemu kubwa ya maafa ya kaunti. Mvua hunyesha mahali pamoja ikaua mahali pengine, na moto huwashwa shambani ukampofusha dereva ambaye hata hajui shamba hilo liko wapi.

Upepo unaotoka Bahari ya Hindi huvuka Nyika ya Taru ukiwa na unyevu ambao hauuachilii. Ukifika milimani hulazimika kupanda, na hewa inayopanda hupoa kwa karibu nyuzi 1 ya Selsiasi kila mita 100, mpaka unyevu wake ugeuke wingu. Ndiyo maana vijiji vya juu vinavyouzunguka mji wa Wundanyi hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Voi hupata chini ya 600. Misimu ni miwili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Vuli ndiyo inayotegemewa zaidi na wakulima wa nyanda za chini, na ndiyo pia inayoyumba sana kufuatana na hali ya bahari. Maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakipata joto kuliko kawaida, au El Niño ikitokea katika Pasifiki, vuli hufurika, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. La Niña huleta kinyume chake. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana katika sehemu kubwa ya maeneo kame ya Kenya.

Mto Voi hukusanya maji yake kwenye Milima ya Taita, hupita mjini Voi, kisha huelekea bwawa la Aruba ndani ya Tsavo Mashariki. Kwa miezi mingi sehemu yake ya chini ni mchanga mtupu. Watu huchimba visima humo, ng'ombe huvushwa, malori hupakia mchanga wa ujenzi. Kisha mvua kubwa huanguka mlimani jioni, hutiririka kwenye miteremko iliyolimwa, na baada ya saa chache maji mekundu hufika bondeni penye anga safi na nyota. Anayelitazama wingu lililo juu ya kichwa chake haoni dalili yoyote ya kinachomjia. Taveta ina shida ya aina hiyohiyo, ila huko inavuka mpaka: Mto Lumi hutoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hivyo mvua iliyonyesha Tanzania inaweza kuzamisha mashamba ya Kenya ambako siku hiyo halikudondoka tone.

Barabara nyingi za vijijini huvuka makorongo ya namna hii kwa drifti, yaani sakafu ya zege iliyolazwa juu ya mchanga ili maji yapite juu yake. Drifti ni nafuu kujenga, na kwa siku nyingi za mwaka inatosha. Hatari yake iko katika zile siku chache, na wengi huikadiria vibaya kwa sababu wanapima kina na kusahau uzito. Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Gari dogo ni boksi lililofungwa chini, kwa hiyo maji yakishafika sakafuni mwake, kila sentimita 10 zinazoongezeka hulipunguzia mamia ya kilo za uzito unaoyashikilia matairi chini. Sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuliinua gari dogo, na 60 hubeba magari mengi, matatu na pikapu zikiwemo. Kasi nayo ina hesabu yake: maji yakikimbia maradufu, msukumo wake huwa mara nne. Basi na lori huonekana salama kwa sababu ni mazito, lakini ubavu wao mpana huyapa maji mahali pakubwa pa kusukuma. Tena, maji ya matope hayaonyeshi kama zege iliyo chini yake bado ipo.

Tarehe 4 Desemba 2021, katika kaunti jirani ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya na jamaa zao kwenda harusini lilijaribu kuvuka daraja la Mto Enziu likiwa limefunikwa na maji. Lilisukumwa kando likazama, na zaidi ya watu 30 walikufa, umati ukiwa umesimama ukingoni. Aprili 2024 basi jingine lilinaswa na mafuriko katika kaunti ya Tana River, kwenye barabara ya kwenda Garissa. Safari hiyo abiria 51 waliokolewa kwa boti. Matukio haya mawili yanafanana katika jambo moja: uamuzi wa kuvuka ulifanyika pale pale kwenye maji, na aliyepaswa kuamua alikuwa dereva. Kumwachia dereva mzigo huo peke yake ni kosa la mpangilio. Kizuizi kilichowekwa mapema, kikasimamiwa na askari au hata wazee wa kijiji wenye kamba na taa, humwondolea mabishano na wale wanaomwambia kwamba mwenzake amepita sasa hivi. Nguzo iliyopakwa rangi kwa vipimo, ikasimikwa kwenye kila drifti, ni kitu cha bei ndogo mno kulinganishwa na kazi inayofanya, na inasikitisha kwamba drifti nyingi hazina.

Juu milimani tatizo huchukua sura nyingine. Barabara ya kutoka Mwatate kwenda Wundanyi hupanda kwa kona kali, na ukungu hushuka ghafla asubuhi na jioni. Taa kamili katika ukungu hurudisha mwanga machoni mwa dereva; taa za chini ndizo zinazosaidia, pamoja na gia nzito wakati wa kushuka ili breki zisichemke. Mvua ikidumu kwa siku kadhaa, udongo wa miteremko hushiba maji na kuporomoka, hasa palipokatwa kupitisha barabara na mahali ambapo misitu ya asili imebaki vipande vidogo tu kama Ngangao na Chawia. Nyufa mpya kwenye tuta, miti iliyoanza kuinama na chemchemi iliyotokea pasipokuwa na maji ni dalili ambazo wakazi huziona mapema kuliko mhandisi yeyote.

Mvua ikiisha, kazi yake inaendelea kwa njia nyingine, kwani ndiyo iliyootesha nyasi. Kwa sababu hiyo, moto mkubwa wa nyika mara nyingi hufuata mwaka wa neema. Vuli ya 2019 ilikuwa na mvua nyingi kupita kawaida Afrika Mashariki yote. Agosti 2020 moto ukateketeza eneo kubwa la Tsavo Magharibi, na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori wakapambana nao pamoja na watu wa kujitolea. Katika ukame mkali hatari huwa tofauti: nyasi ni chache, zimeliwa na mifugo na ndovu, na moto hukosa cha kushika. Miezi ya kuangaliwa zaidi ni ya kiangazi cha Juni hadi Septemba, upepo wa kusi ukivuma juu ya nyasi ndefu zilizokwisha kukauka, na tena Januari na Februari kwenye joto la kaskazi.

Karibu kila moto wa namna hii huanzia mkononi mwa mtu. Mkulima huchoma mabua kabla ya mvua, mrina asali hufukiza mzinga, mchoma makaa huacha tanuri bila mlinzi, abiria hutupa kipande cha sigara dirishani. Nyasi kavu hubadilika haraka sana kufuatana na hewa. Zenye umande saa moja asubuhi zinaweza kuwaka kama karatasi saa tano, na anayechoma shamba asubuhi akidhani moto ni mpole hushtuka mchana. Mteremko huongeza mbio: kila nyuzi 10 za mwinuko, moto unaopanda huenda takribani maradufu, kwa sababu ndimi zake hulalia nyasi zilizo mbele na kuzikausha kabla hazijafikiwa. Anayeukimbia kwa kupanda kilima hawezi kushinda. Njia salama ni kwenda kando yake, kisha kuingia mahali palipokwisha kuungua au pasipo na majani. Wazimaji wazoefu nao huanzia nyuma na kandokando, wakipiga kingo kwa matawi mabichi, na huacha kichwa cha moto kikutane na barabara, korongo au ukanda uliofyekwa zamani.

Barabara kuu ya Nairobi–Mombasa inapita katikati ya mbuga mbili za Tsavo, na humo hupita malori ya mizigo ya Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo. Moshi unaolalia lami ni mbaya kuliko ukungu, kwani huja na kuondoka kwa mawimbi ya upepo. Dereva huingia akiwa na mwendo wa wazi na kujikuta haoni hata boneti ya gari lake. Sheria ya Kenya inaweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa mabasi na malori mazito, lakini hiyo ni kasi ya barabara inayoonekana. Katika moshi kasi sahihi ni ile inayomwezesha mtu kusimama ndani ya umbali anaouona, na kama haoni kitu, anatoka kabisa nje ya lami. Kusimama katikati ya njia ni kusubiri kugongwa kwa nyuma. Wanyama nao hukimbia moto. Reli ya kisasa (SGR) ina vivuko vya wanyama chini ya tuta lake, ila barabarani ndovu huvuka juu ya lami. Usiku macho yake huwa juu ya mwanga wa taa za gari dogo, na mwili uliojaa vumbi jekundu haurudishi mwanga wowote. Lori lililoharibika huleta hatari inayofanana na hiyo. Desturi ya kutandaza matawi nyuma yake ni njema, ila matawi yanayoachwa baada ya lori kuondoka huwa mtego kwa pikipiki.

Moto na mafuriko hukutana tena ardhini. Mteremko uliopoteza majani na mizizi midogo hauna cha kuyapunguza kasi matone. Pale palipoungua vikali chini ya mikaratusi na misonobari, nta ya majani hugeuka mvuke ikaganda ndani ya udongo na kuyazuia maji kupenya. Mvua ambayo mwaka uliopita ingenyweka hutiririka yote, ikibeba majivu, magogo na mawe hadi kwenye kalvati za chini, yaani njia za maji zinazopita chini ya barabara, ambazo zikiziba hugeuza barabara kuwa bwawa. Kalvati zilizo chini ya mteremko ulioungua zinastahili kusafishwa kwanza, kabla ya Oktoba.

Ugumu mkubwa ni kwamba tukio moja lina wenyewe wengi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti huduma za zimamoto na kukabili maafa, pamoja na barabara za kaunti. Mbuga na barabara kuu ziko chini ya mashirika mawili tofauti ya serikali ya kitaifa. Moto ukianza shambani, ukaingia Tsavo na kutupa moshi barabarani, umepitia mikono mitatu ndani ya alasiri moja. Idara ya Hali ya Hewa ina mkurugenzi katika kila kaunti na hutoa utabiri wa msimu, wa wiki na tahadhari za mvua kubwa, lakini utabiri husema mvua itaangukia eneo gani. Hausemi drifti ipi itajaa saa ngapi. Pengo hilo huzibwa na watu wa juu mlimani. Chifu wa mlimani anayempigia simu mwenzake wa bondeni mto unapopanda humpa saa mbili au tatu, muda wa kutosha kutangaza redioni kwa Kitaita na Kiswahili, kuwatoa wachota mchanga na kufunga barabara.

Kuifungua barabara tena ni kazi nyingine. Maji hula changarawe chini ya lami na kuacha gamba linaloonekana zima, mpaka lori la kwanza lenye shehena likanyage. Ndiyo sababu barabara iliyofurika hukaguliwa mchana, kingo za drifti na midomo ya kalvati zikichunguzwa na sakafu ikipigwa nyundo kusikiliza uwazi. Pakishathibitika pazima, magari mepesi hutangulia kwa mwendo wa pole, na malori husubiri.